Kipindupindu: Namna Bakteria Anavyoishi Ziwani na Mwilini, na Sababu ya Chumvi na Sukari Kuokoa Uhai

Kipindupindu ni ugonjwa wa kuhara unaoweza kumuua mtu mzima mwenye afya njema ndani ya saa chache tangu dalili za kwanza zijitokeze. Bila tiba, hadi nusu ya wanaopata ugonjwa mkali wanaweza kupoteza maisha. Kwa tiba sahihi inayoanza mapema, vifo hushuka chini ya asilimia moja ya wagonjwa. Ni magonjwa machache yenye tofauti kubwa kiasi hicho kati ya aliyetibiwa na asiyetibiwa, na tiba yenyewe kwa sehemu kubwa ni maji safi, chumvi na sukari vilivyochanganywa kwa vipimo maalumu.

Kwa wakazi wa Kata ya Igoma, Wilaya ya Nyamagana mkoani Mwanza, suala hili lina uzito wa pekee. Igoma ipo mashariki mwa Jiji la Mwanza, kando ya barabara kuu iendayo Musoma. Soko lake, vituo vya daladala na vibanda vya mama lishe hukutanisha kila siku wakazi, wasafiri na wafanyabiashara wa samaki na dagaa kutoka Ziwa Victoria. Mwanzoni mwa mwaka 2024, Mwanza ilikuwa miongoni mwa mikoa ya Kanda ya Ziwa iliyoripoti wagonjwa wa kipindupindu, pamoja na mikoa jirani ya Simiyu na Shinyanga. Kabla ya hapo, mlipuko ulioanza jijini Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kudumu hadi mwaka 2018 ulisababisha wagonjwa zaidi ya 33,000 nchini na vifo zaidi ya 500.

Maelekezo yanayotolewa na wataalamu wa afya wakati wa mlipuko yanafahamika na wengi: chemsha maji, tumia choo, nawa mikono kwa sabuni, kula chakula cha moto, mpe mgonjwa ORS na kumwahisha kituoni. Kila moja ya maelekezo hayo lina chanzo chake katika maisha ya bakteria mwenyewe, yaani anachokula, anavyopata nishati, asichoweza kustahimili na anavyouvuruga utumbo wa binadamu. Makala haya yanaeleza maisha hayo.

Kutambuliwa kwa bakteria

Bakteria wa kipindupindu huitwa kitaalamu Vibrio cholerae. Daktari wa Italia, Filippo Pacini, alimwona kwa hadubini mjini Florence mwaka 1854, lakini kazi yake haikutiliwa maanani wakati huo. Miaka 30 baadaye, mwaka 1884, Robert Koch wa Ujerumani alifanikiwa kumtenga na kumkuza bakteria huyo nchini India, baada ya kuanza uchunguzi wake nchini Misri mwaka 1883. Koch huyo huyo alifika Mwanza mwaka 1906 akiongoza msafara wa kuchunguza ugonjwa wa malale, kabla ya kuhamishia kazi yake katika Visiwa vya Sese, nchini Uganda.

Swali la namna bakteria huyu anavyosababisha ugonjwa lilichukua muda mrefu zaidi kupata jibu. Mwaka 1959, mtafiti wa India, Sambhu Nath De, alithibitisha kwamba bakteria hutoa sumu ndani ya utumbo, na kwamba sumu hiyo peke yake, bila bakteria hai, inatosha kuufanya utumbo uvujishe maji. Ugunduzi huo ndio uliofungua njia ya kuuelewa ugonjwa katika ngazi ya seli.

Ugonjwa unaoikabili dunia leo ni wa wimbi la saba, lililoanzia Indonesia mwaka 1961 na kuingia Afrika mwaka 1970. Unasababishwa na aina ya bakteria iitwayo El Tor, jina la kituo cha karantini katika Rasi ya Sinai, nchini Misri, ambako aina hiyo ilitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1905. Uchambuzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2017 ulionesha kwamba tangu mwaka 1970 aina hiyo imeingia barani Afrika kutoka Asia si chini ya mara 11.

Umbo na sehemu za seli

Vibrio cholerae ni kiumbe cha seli moja, chenye umbo la kijiti kilichopinda mithili ya alama ya mkato. Urefu wake ni kati ya mikromita moja na tatu hivi. Kwa maneno mengine, mamia ya bakteria hawa wakipangwa kwa mstari hawazidi urefu wa milimita moja.

Seli yake imezungukwa na utando wa ndani, ukuta mwembamba na utando wa nje. Utando wa nje umefunikwa na minyororo ya sukari ambayo huwawezesha wataalamu wa maabara kuyatambua makundi mbalimbali ya bakteria huyu. Yapo makundi zaidi ya 200, na mengi huishi majini bila kusababisha milipuko. Makundi yaliyowahi kusababisha milipuko mikubwa ni mawili tu, O1 na O139, na milipuko inayoikumba Afrika inatokana na O1.

Tofauti na bakteria wengi ambao wana kromosomu moja, Vibrio cholerae ana kromosomu mbili. Ramani kamili ya vinasaba vyake, iliyochapishwa mwaka 2000, ilionesha takriban jeni 3,900. Jeni za kutengeneza sumu hazikuwa zake tangu asili. Mwaka 1996 ilibainika kwamba ziliingizwa na kirusi kinachoshambulia bakteria, ambacho hujichomeka katika kromosomu na kubaki humo. Hivyo, bakteria asiye na madhara anaweza kupata sumu akiambukizwa kirusi hicho.

Upande mmoja wa seli kuna mkia mrefu unaozunguka kama pangaboi la injini ya mtumbwi na kumsukuma bakteria kwa kasi majini. Nguvu ya kuuzungusha mkia huo inatokana na sodiamu, moja ya viambato viwili vya chumvi ya kawaida. Bakteria huitoa sodiamu nje ya seli kwa pampu maalumu iliyo kwenye utando. Sodiamu inaporudi ndani kwa kupitia kwenye kitako cha mkia, mkia huzunguka.

Chakula na nishati

Umetaboli ni jumla ya mabadiliko ya kikemia ambayo kwayo seli hugeuza chakula kuwa nishati na malighafi ya kujijenga. Vibrio cholerae anaweza kuendesha umetaboli wake kwa njia mbili. Penye oksijeni, huivunja sukari kikamilifu na kupata nishati nyingi. Pasipo oksijeni ya kutosha, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya utumbo, huivunja kwa njia ya uchachushaji, ambayo hutoa nishati kidogo na kuacha asidi kama taka.

Asidi hiyo ni hatari kwake mwenyewe, kwa sababu bakteria huyu hustawi katika mazingira yenye alkali kidogo na hufa haraka penye ukali wa asidi. Aina ya El Tor ina njia ya kujinusuru: hugeuza sehemu ya mabaki ya sukari kuwa kemikali zisizo na ukali. Aina ya kale, iliyosababisha milipuko ya karne ya 19, ina uwezo mdogo zaidi wa kufanya hivyo, na penye sukari nyingi huweza kujiua kwa asidi yake yenyewe. Tofauti hiyo ni moja ya mambo yanayodhaniwa kuisaidia El Tor kuenea.

Wataalamu wa maabara huutumia umetaboli huo kumtambua bakteria. Sampuli ya kinyesi hupandwa kwenye chakula maalumu cha rangi ya kijani chenye sukari ya kawaida. Vibrio cholerae anapoichachusha sukari hiyo, asidi inayotoka hubadilisha rangi na makundi ya bakteria huonekana ya njano. Baada ya hapo hufanyika vipimo vya kuthibitisha kama ni kundi la O1.

Bakteria akipata chakula cha kutosha na joto linalofaa, huweza kugawanyika na kuwa wawili katika muda wa dakika 20 hivi. Kwa kasi hiyo, bakteria mmoja huzaa zaidi ya 32,000 ndani ya saa tano. Ndiyo maana wali au chakula kingine kilichopikwa kikachafuliwa, kisha kikaachwa bila kufunikwa kwa saa kadhaa katika joto la mchana, huweza kuwa hatari kuliko maji yaliyokichafua.

Maisha ndani ya ziwa

Wananchi wengi hudhani kwamba bakteria wa kipindupindu huishi katika kinyesi pekee. Kwa hakika, maji ni makazi yake pia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulimpata Vibrio cholerae O1 mwenye uwezo wa kutengeneza sumu katika samaki, katika mimea midogo inayoelea majini na katika maji yenyewe ya Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Sampuli hizo zilichukuliwa katika kipindi ambacho hakukuwa na mlipuko.

Siri ya kudumu majini ipo katika chakula. Viumbe wadogo wa jamii ya uduvi wanaoelea ziwani wana magamba yaliyojengwa kwa kitini, kemikali ngumu iliyotokana na sukari. Bakteria wengi hawawezi kuitumia, lakini Vibrio cholerae hutoa vimeng'enya vinavyoikata vipande vidogo, kisha huvivuta vipande hivyo ndani ya seli na kuvitumia kama chakula. Akiwa juu ya gamba hilo, huweza pia kuchukua vipande vya vinasaba vya bakteria waliokufa karibu yake na kuvifanya vyake. Kwa njia hiyo hupata tabia mpya, ikiwamo usugu dhidi ya dawa.

Bakteria hawa pia hujikusanya na kujifunika kwa ute mzito unaowashikamanisha wao kwa wao na mahali walipojibandika. Ndani ya ute huo hawafikiwi kirahisi na klorini wala asidi. Chakula kikiadimika au maji yakipoa, baadhi yao hupunguza umetaboli hadi kiwango cha chini kabisa: hawagawanyiki na hawaoti maabara, ingawa wangali hai. Hali inapokuwa nzuri tena huweza kurejea katika uhai wa kawaida. Kwa sababu hiyo, kutoonekana kwa wagonjwa kwa miezi kadhaa si uthibitisho kwamba maji ya ziwa, mto au kisima kisicholindwa ni salama kunywewa bila kutibiwa.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba kuwepo kwa bakteria ziwani peke yake si mlipuko. Mlipuko mkubwa hutokea pale kinyesi cha mgonjwa kinapopata njia ya kufika kwenye maji ya kunywa au chakula cha wengine.

Safari ndani ya mwili

Mtu akinywa maji yenye Vibrio cholerae, asidi ya tumbo ndiyo kinga ya kwanza. Majaribio yaliyofanywa kwa watu wazima waliojitolea yalionesha kwamba mtu mwenye asidi ya kawaida, asiye na chakula tumboni, huhitaji kumeza bakteria wengi mno ili augue, hata mamia ya mamilioni au zaidi. Asidi ikizimuliwa, bakteria kati ya 10,000 na milioni moja huweza kutosha. Chakula hupunguza ukali wa asidi, na hivyo bakteria waliomo ndani ya chakula huvuka tumbo kwa urahisi zaidi kuliko waliomo katika maji matupu.

Wanaonusurika huingia katika utumbo mwembamba, ambako mazingira ni ya alkali kidogo. Hapo huogelea kwa mkia wao, huupenya ute unaolinda ukuta wa utumbo, na kujishikiza kwa nyuzi fupi nyembamba. Hawaingii ndani ya damu na hawali nyama ya utumbo. Hubaki juu ya ukuta na kuanza kutoa sumu.

Dalili hujitokeza kati ya saa chache na siku tano baada ya maambukizi. Watu wengi walioambukizwa hawaoni dalili yoyote au huhara kidogo tu, lakini huendelea kutoa bakteria katika kinyesi kwa siku kadhaa, hadi takriban siku 10. Aidha, bakteria waliotoka mwilini punde huwa wepesi zaidi wa kuambukiza kwa saa kadhaa kuliko wale waliokaa majini muda mrefu. Hii ndiyo sababu ugonjwa huenea kwa kasi ndani ya kaya moja au miongoni mwa majirani wanaotumia choo kimoja.

Kazi ya sumu

Sumu ya kipindupindu ni protini yenye sehemu sita. Sehemu tano zimepangika kama pete na kazi yake ni kujishikiza kwenye utando wa seli ya utumbo. Sehemu ya sita ndiyo sumu yenyewe. Ikiingia ndani ya seli, hukibana kiwashio kimoja cha seli hiyo kibaki kimewashwa bila kuzimika.

Kwa kawaida kiwashio hicho huwaka kwa muda mfupi kuiamuru seli itoe kiasi kidogo cha maji ya kulainisha utumbo, kisha huzimika. Kikikwama, amri huendelea kutolewa. Milango ya kloridi iliyo kwenye seli hufunguka na kubaki wazi. Kloridi humwagika kwenye utumbo, sodiamu huifuata, na maji huifuata chumvi hiyo. Mgonjwa huharisha majimaji meupe mfano wa maji yaliyooshea mchele, na katika hali mbaya zaidi hupoteza hadi lita moja kwa saa. Kila mililita ya majimaji hayo huweza kuwa na bakteria zaidi ya milioni 10.

Je, bakteria hunufaika vipi? Faida ya kwanza ni kusambaa, kwa kuwa kuhara huwatoa mwilini kwa mabilioni na kuwarejesha katika maji. Ya pili ilibainishwa na utafiti wa wanyama uliochapishwa mwaka 2019: sumu husababisha mabadiliko katika mishipa midogo ya damu ya utumbo, na bakteria hupata madini ya chuma na mafuta kutoka kwa mwenyeji wake. Chuma ni kirutubisho adimu ambacho mwili hukificha kwa makusudi dhidi ya vimelea.

Kifo cha mgonjwa wa kipindupindu husababishwa na upungufu wa maji na chumvi. Damu hupungua ujazo, shinikizo lake hushuka, figo hushindwa kufanya kazi na moyo huvurugika kwa kukosa potasiamu. Dalili za hatari ni macho kudumbukia ndani, kiu kali, midomo kukauka, ngozi ikivutwa kuchelewa kurudi, misuli kukaza, mkojo kuwa kidogo au kukosekana, na mgonjwa kulegea au kupoteza fahamu.

Mlango ambao sumu haiufungi

Seli za utumbo zina mlango mwingine wa kupokea sodiamu, nao hufanya kazi kwa sharti moja: sodiamu lazima iingie pamoja na glukosi. Wazo hilo lilitolewa na mwanasayansi Robert Crane mwaka 1960. Kila chembe moja ya glukosi huingia pamoja na chembe mbili za sodiamu, na maji huzifuata. Sumu ya kipindupindu haiugusi mlango huo. Hata mgonjwa anayeharisha kwa kasi bado anaweza kufyonza maji, mradi maji hayo yana chumvi na glukosi kwa uwiano unaofaa.

Huo ndio msingi wa ORS. Kwa mujibu wa vipimo vya Shirika la Afya Duniani na UNICEF vya mwaka 2002, lita moja ya maji huwekwa gramu 13.5 za glukosi, gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitreti ya sodiamu. Potasiamu hurejesha ile iliyopotea, na sitreti hurekebisha ukali wa asidi unaojitokeza katika damu ya mgonjwa.

Uwezo wa tiba hii ulidhihirika mwaka 1971 katika kambi za wakimbizi wa vita vya Bangladesh mjini Bangaon, India. Dawa ya kuongeza maji kwa njia ya mshipa ilipopungua, Dkt. Dilip Mahalanabis na wenzake waliwanywesha wagonjwa mchanganyiko wa chumvi na glukosi, wakisaidiwa na ndugu wa wagonjwa wenyewe. Vifo vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia nne.

Vipimo vinapaswa kuzingatiwa. Sukari ikizidi huvuta maji kutoka mwilini kuyapeleka kwenye utumbo, na kuhara huongezeka. Ndiyo sababu soda na juisi zenye sukari nyingi hazifai. Chumvi ikizidi ni hatari, hususan kwa watoto. Maji matupu nayo hayarejeshi chumvi iliyopotea. Pakiti ya ORS ya lita moja ichanganywe katika lita moja kamili ya maji safi na salama, na mchanganyiko utumike ndani ya saa 24. Palipokosekana pakiti, mchanganyiko wa dharura ni vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita moja ya maji salama.

Mgonjwa aanze kunywa mara dalili zinapoonekana, na aendelee kunywa njiani kuelekea kituo cha afya. Akitapika, asubiri dakika 10 kisha aendelee polepole. Mtoto anyonyeshwe kama kawaida. Aliyelegea au asiyeweza kunywa anahitaji maji kwa njia ya mshipa bila kuchelewa.

Dawa na chanjo

Antibiotiki hupunguza muda wa kuhara na idadi ya bakteria wanaotoka, lakini hazichukui nafasi ya maji na chumvi. Sumu iliyokwisha kuingia katika seli huendelea kufanya kazi hata bakteria akifa. Aidha, Vibrio cholerae hupokeza jeni za usugu kutoka kwa bakteria mmoja hadi mwingine. Kumeza antibiotiki bila ushauri wa mtoa huduma za afya, au kuzitumia kama kinga kwa familia nzima, huandaa kizazi cha bakteria wasiosikia dawa.

Chanjo ya kumeza ipo na hutumika katika maeneo yenye hatari kubwa. Kampeni ya mwaka 2009 katika visiwa vya Unguja na Pemba ililenga watu wapatao 48,000, na takriban nusu yao walikamilisha dozi mbili. Tathmini ilionesha kwamba chanjo hiyo ilitoa kinga ya takriban asilimia 79, na kwamba hata wasiochanjwa walinufaika pale majirani wengi walipochanjwa.

Msingi wa maelekezo ya afya

*Kuchemsha maji.* Joto huharibu vimeng'enya na utando wa bakteria. Maji yakitokota kwa dakika moja yanatosha, kisha yahifadhiwe katika chombo safi chenye mfuniko.

*Klorini.* Klorini huunguza protini na utando wa seli. Hata hivyo, uchafu uliomo katika maji huitumia klorini kabla haijamfikia bakteria, na ndiyo maana maji ya tope huchujwa kwanza. Maji yanayosambazwa na Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Mwanza (MWAUWASA) kutoka chanzo cha Capri Point na kile kipya cha Butimba, chenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku, hutibiwa kabla ya kusambazwa. Bomba lililopasuka huweza kufyonza majitaka pale msukumo wa maji unaposhuka. Kutoa taarifa ya bomba lililopasuka ni sehemu ya kinga ya mtaa mzima.

*Choo.* Huu ndio ukuta kati ya utumbo wa mgonjwa na kinywa cha mwingine. Miamba ya Mwanza hufanya uchimbaji wa mashimo kuwa mgumu katika maeneo mengi, na mvua kubwa huweza kufurika vyoo vifupi na kusukuma kinyesi kwenye mitaro na visima vilivyo bondeni. Kutapisha choo kwenye mtaro wakati wa mvua ni kuupeleka ugonjwa kwa majirani.

*Sabuni.* Sabuni huondoa mafuta ya mikononi pamoja na bakteria walioshikamana nayo. Wakati muhimu ni baada ya kutoka chooni, baada ya kumhudumia mgonjwa au kumsafisha mtoto, kabla ya kuandaa chakula na kabla ya kula.

*Samaki, dagaa na chakula.* Vibrio cholerae hastahimili joto la kupikia wala ukavu. Samaki aliyeiva vizuri ni salama. Dagaa waliokaushwa kwenye chanja safi ni bora kuliko waliotandazwa chini, ambako huweza kuchafuliwa upya. Kachumbari na matunda vioshwe kwa maji salama. Chakula kiliwe kikiwa cha moto, na kiporo kipashwe moto hadi kichemke.

Wajibu wa kila mmoja

Tanzania ina historia ya kupambana na magonjwa kwa elimu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya masomo, iliwafikia watu wazima wapatao milioni mbili, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa ujenzi wa vyoo na usafi wa mazingira.

Kipindupindu ni miongoni mwa magonjwa yanayopaswa kutolewa taarifa mara moja. Mwananchi wa Igoma, na wa kata nyingine yoyote, akimwona mtu anayeharisha majimaji mfululizo anapaswa kumpa ORS papo hapo, kumpeleka katika kituo cha afya kilicho karibu, na kuujulisha uongozi wa mtaa au mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Kuficha mgonjwa kwa hofu ya kunyanyapaliwa humnyima tiba katika saa ambazo tiba hiyo ingemwokoa. Taarifa pia hupokelewa bila malipo katika kituo cha huduma kwa wateja cha Wizara ya Afya kupitia namba 199.

Nyumbani kwa mgonjwa, nguo, matandiko na choo visafishwe kwa dawa yenye klorini kama atakavyoelekeza mtoa huduma. Matapishi na kinyesi vitupwe chooni, wala si kwenye mtaro. Mwili wa aliyefariki kwa kipindupindu ushughulikiwe chini ya usimamizi wa wataalamu wa afya, kwa kuwa majimaji yake bado huwa na bakteria hai.

Kila kaya inashauriwa kuhifadhi pakiti kadhaa za ORS, hususan msimu wa mvua. Pakiti hiyo ikichanganywa na kunyweshwa dakika ileile kuhara kunapoanza, mgonjwa hupata nafasi ya kufika kituoni akiwa hai.